Dkt James Barry: Tabibu wa jeshi ambaye siri yake ilifichuka baada ya mauti

JINA la Port Reitz si geni kwa mkazi yeyote wa Mombasa. Kuna mtaa wa jina hilo, kuna hospitali, na kuna hori pana linaloingia bara upande wa magharibi wa kisiwa. Hata hivyo, ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo ni la Luteni John James Reitz, kijana wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa kuwa msimamizi mnamo Februari 1824, na akafa kwa homa kabla mwezi wa Mei haujamalizika.

Reitz alikuja pamoja na Kapteni William Owen katika manowari ya Leven, ambayo jina lake lingali hai Mji wa Kale katika nyumba ya Leven na ngazi za Leven, kando ya bandari ya kale. Owen alipotia nanga tarehe 7 Februari mwaka huo, aliikuta bendera ya Uingereza ikipepea juu ya ngome ya Fort Jesus. Mazrui waliokuwa wakitawala mji chini ya liwali Suleiman bin Ali ndio walioitengeneza na kuipandisha wenyewe, wakitumaini kwamba itamzuia Seyyid Said wa Oman. Siku mbili baadaye mkataba ulitiwa sahihi na kijana Reitz akakabidhiwa madaraka.

Manowari za Owen zilikuwa na makao yake Simon's Town katika Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Huko ndiko zilikorudi kukarabatiwa na kupata mahitaji, huku homa za pwani zikiwa zimewapunguza maafisa na mabaharia wake vibaya. Si mbali na hapo, katika mji wa Cape Town, mkaguzi wa matibabu wa koloni katika miaka hiyohiyo alikuwa daktari wa jeshi mfupi wa kimo, mwenye sauti nyembamba na hasira za karibu. Jina lake lilikuwa James Barry.

Barry hakuwahi kutumwa Mombasa. Lakini swali aliloliacha nyuma yake baada ya kufa linaulizwa leo katika majeshi ya nchi nyingi, na kisiwa cha Mombasa kilikuwa kimekwisha kuligusa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Owen kufika. Swali lenyewe ni hili: Ni nani anayestahili kuhesabiwa kuwa askari, na ni kipi kinachopimwa, kazi yake au maumbile yake?

Mtoto wa Cork

Kisa chenyewe kilianzia mji wa Cork, nchini Ireland, mnamo mwaka wa 1789 au karibu na hapo. Katika nyumba ya Jeremiah na Mary Ann Bulkley alizaliwa mtoto aliyepewa jina la Margaret Anne, akalelewa kama binti. Baba alifanya biashara, akazama katika madeni, na hatimaye nyumba ikavunjika. Mali iliyobaki ilitumika kumsomesha na kumwoza kaka yake, John.

Mama na binti walikwenda London kuomba msaada kwa ndugu ya mama, mchoraji mashuhuri aliyeitwa James Barry. Mjomba huyo hakuwapokea kwa furaha, lakini alipofariki mwaka wa 1806 waliachiwa urithi. Kilicho kikubwa zaidi ni kwamba waliwarithi marafiki zake. Mmoja wao alikuwa Jenerali Francisco de Miranda, mzalendo wa Venezuela aliyekuwa akiishi London akipanga ukombozi wa nchi yake. Mwingine alikuwa Bwana mkubwa wa Buchan, na wa tatu wakili Daniel Reardon.

Miranda alikuwa na maktaba kubwa, na aliona kwamba kijana huyo alikuwa na akili isiyostahili kupotea. Tatizo ni kwamba zama hizo hapakuwa na chuo kikuu chochote cha Uingereza kilichomkubali mwanamke kusomea udaktari. Milango ilikuwa imefungwa kwa sheria na kwa desturi, wala hapakuwa na dalili ya kufunguliwa.

Tayari kijana huyo alikuwa amekwisha kumwandikia kaka yake barua ya kumkaripia kwa uvivu, na ndani yake akasema kwamba lau asingalikuwa msichana, angalikuwa askari. Barua hiyo ingalipo, nayo ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoonyesha alichokuwa akikiwaza kabla ya safari iliyobadilisha maisha yake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1809 mama alipanda meli kuelekea Scotland akifuatana na kijana aliyeitwa James Barry. Tarehe 14 Desemba, kijana huyo alimwandikia wakili Reardon kuhusu mambo ya fedha akitumia jina lake jipya. Wakili, aliyekuwa na mazoea ya kuandika nyuma ya kila barua jina la aliyeituma, aliandika jina la Bi Bulkley. Barua hiyo ilikaa katika makaratasi kwa karibu miaka mia mbili, hadi mtafiti Michael du Preez alipoilinganisha na nyingine na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 2008. Mwandiko ulikuwa wa mkono mmoja.

Kuingia jeshini

Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh Barry alijulikana kama mwanafunzi mwenye bidii, asiyeacha koti lake kubwa hata ndani ya nyumba. Baadhi ya wakuu wa chuo walitaka kumzuia asifanye mtihani wa mwisho, wakidhani ni mvulana mdogo mno. Bwana wa Buchan aliingilia kati, na mwaka wa 1812 Barry akatunukiwa shahada ya udaktari.

Inasemekana mpango wa awali ulikuwa kwenda Venezuela, ambako Miranda angempa nafasi ya kutibu akiwa mwanamke bila kujificha. Mwaka huohuo wa 1812 Miranda alishindwa na kutiwa nguvuni na Wahispania, na hakutoka kifungoni hadi kufa kwake. Njia hiyo ikafa pamoja naye.

Barry alikwenda London kuzidisha ujuzi wa upasuaji, akapita mtihani wa chuo cha wapasuaji, na Julai 1813 akaandikishwa katika jeshi la Uingereza kama msaidizi wa hospitali. Mtihani huo ulipima maarifa yake ya tiba. Tangu siku hiyo alivaa sare kwa muda wa miaka 46.

Wasemao Kiswahili wana methali kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Maisha ya Barry yaliundwa kila siku. Alivaa viatu vya visigino virefu, alishindilia pamba mabegani, aliishi peke yake na mtumishi mweusi aliyemhudumia kwa miaka mingi pamoja na mbwa mdogo aliyeitwa Psyche, na hakumruhusu mtu kuingia chumbani mwake alipokuwa akivaa. Hakula nyama. Alipochokozwa kuhusu sauti au kimo chake hakunyamaza. Huko Rasi aliwahi kupigana kwa bastola na afisa mwenzake, Josias Cloete, na wote wawili wakasalimika, kisha wakawa marafiki.

Miaka ya Rasi

Barry alifika Cape Town mwaka wa 1816. Gavana, Lord Charles Somerset, alipougua sana, ni Barry aliyemtibu hadi akapona, na tangu hapo akawa mtu wa nyumbani kwa gavana. Mwaka wa 1822 aliteuliwa mkaguzi wa matibabu wa koloni nzima.

Hapo ndipo ilipodhihirika tabia yake ya kikazi. Alizuia uuzaji wa dawa na watu wasio na ujuzi. Alikagua magereza na kuandika taarifa kali juu ya wafungwa walioachwa wakioza kwa vidonda. Aliwatembelea wenye ukoma na kutaka walishwe vizuri, waogeshwe na wachukuliwe kama wagonjwa badala ya wahalifu. Alidai maji safi kwa mji. Watumwa, wafungwa na maskini walipata kwake huduma ileile waliyopata matajiri, na hilo halikuwafurahisha matajiri.

Maadui hawakukosekana. Mwanzoni mwa Juni 1824, siku chache tu baada ya Reitz kukata roho Mombasa, bango lilibandikwa usiku katika mji wa Cape Town likidai kwamba gavana alionekana akitenda tendo la aibu na daktari wake. Zama hizo kosa hilo liliadhibiwa kwa kifo. Zawadi ilitangazwa kwa atakayemfichua aliyeliandika, lakini hakupatikana, na fedheha ikawafuata wote wawili hadi London. Mwaka uliofuata Barry aliupoteza wadhifa wake wa ukaguzi baada ya mvutano na wakuu wa serikali ya koloni.

Jambo lililomwokoa ni ujuzi wake. Tarehe 25 Julai 1826 aliitwa usiku nyumbani kwa Wilhelmina Munnik, aliyeshindwa kujifungua. Barry alimpasua tumbo na kumtoa mtoto, mama na mtoto wakaishi wote. Katika zama zisizo na dawa ya usingizi, upasuaji wa namna hiyo ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo kwa mama. Familia ilimpa mtoto jina la James Barry Munnik, na jina hilo likapita hadi kwa James Barry Munnik Hertzog, aliyekuwa waziri mkuu wa Afrika Kusini kuanzia mwaka wa 1924 hadi 1939.

Vitabu vingi vya Ulaya huusifu upasuaji huo kana kwamba Afrika haikuujua. Ikumbukwe kwamba mwaka wa 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga mwenyeji wa Kahura, Bunyoro, katika nchi ambayo sasa ni Uganda, akifanya upasuaji kama huo kwa ustadi. Alitumia pombe ya ndizi kusafishia mikono yake na tumbo la mama. Huko pia mama na mtoto walipona.

Mwezi huohuo wa Julai 1826, Waingereza waliondoka Mombasa. Serikali ya London haikuutaka mkataba wa Owen, na msimamizi wa mwisho, Luteni James Emery, akaondoka na watu wake. Mazrui waliendelea kushindana na Seyyid Said hadi mwaka wa 1837 waliposhindwa.

Kutoka kisiwa hadi kisiwa

Mwaka wa 1828 Barry alihamishiwa Mauritius, katika bahari hiihii ya Hindi. Baadaye alitumikia St Helena, Jamaica na visiwa vingine vya Karibi. Kila alikokwenda habari zilikuwa zilezile: hospitali zilisafishwa, vyakula vya askari vilibadilishwa, na wakuu walikasirishwa. Akiwa St Helena alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kuandikia London moja kwa moja bila kupitia wakubwa wake, akaachiliwa kwa heshima. Baadaye alirudishwa Uingereza akiwa chini ya ulinzi kutokana na ugomvi mwingine.

Alipanda cheo pamoja na hayo yote. Alikuwa Malta kuanzia mwaka wa 1846, kisha Corfu. Vita vya Crimea vilipozuka aliomba kupelekwa vitani, akakataliwa, lakini alishinikiza hadi majeruhi zaidi ya 400 wakaletwa kwake Corfu, na wengi mno wakapona kwa kiwango kilichowashangaza wenzake. Alikwenda Crimea kwa gharama yake mwenyewe wakati wa likizo. Huko alimkemea hadharani Florence Nightingale, muuguzi maarufu, akiwa amepanda farasi huku Nightingale akisimama juani mbele ya askari. Nightingale hakumsamehe. Miaka mingi baadaye alimkumbuka kama kiumbe mwenye roho ngumu kuliko wote aliokutana nao jeshini.

Mwaka wa 1857 Barry alipelekwa Canada akiwa Inspekta Jenerali wa Hospitali, cheo cha juu kabisa alichoweza kufikia tabibu wa jeshi akiwa nje ya makao makuu. Aliagiza askari wachomewe nyama badala ya kuchemshiwa kila siku, wapewe mito ya manyoya badala ya majani makavu, na mitaro ya kambi irekebishwe. Baridi ilimwangusha, na mwaka wa 1859 akastaafishwa kwa sababu ya afya, ingawa alipinga.

Alirudi London, akaishi miaka sita ya mwisho na mtumishi wake na mbwa. Hakuwa tena na kazi ya kuilinda wala cheo cha kupoteza. Hata hivyo, hakubadilisha mavazi, jina wala mwenendo. Alifariki kwa ugonjwa wa kuhara tarehe 25 Julai 1865, siku ileile ya mwaka aliyomwokoa mama Munnik.

Inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe na nguo alizofia, bila kuvuliwa. Agizo hilo halikutekelezwa. Mwanamke aliyemwosha maiti, Sophia Bishop, alikwenda kwa daktari aliyesahihisha cheti cha kifo, Meja McKinnon, akamweleza kwamba marehemu alikuwa na maumbile kamili ya kike na alama za kuwahi kubeba mimba. Alitaka apewe fedha ili anyamaze. McKinnon alimjibu kwamba hakuwa na haja ya kujua kama Barry alikuwa mwanamume au mwanamke, na kwamba yeye mwenyewe alidhani pengine marehemu alikuwa huntha, mtu mwenye alama za jinsia zote mbili.

Bishop hakupata fedha, na mwezi wa Agosti habari zikatoka magazetini Ireland na Uingereza. Mkuu wa usajili wa vifo alimwandikia McKinnon kutaka ukweli, na McKinnon akashikilia neno lake. Jeshi lilizifungia kumbukumbu, na ni katika miaka ya 1950 tu ndipo mwandishi Isobel Rae alipozifikia na kuanza kuandika maisha yake upya.

Mwaka huohuo wa 1865 Elizabeth Garrett alipata leseni ya utabibu mjini London baada ya kupigania haki hiyo hadharani. Kwa miaka 53 kabla yake, shahada ya Barry ilikuwa imekaa katika vitabu vya Edinburgh bila mtu kuitilia shaka.

Barry alikuwa nani?

Wapo wanaoamini kwamba Barry alikuwa mwanamke aliyelazimika kuvaa suruali kwa sababu dunia ilimnyima kitabu na kisu cha upasuaji. Kwao yeye ni mwanamke wa kwanza wa Uingereza kuhitimu udaktari, na kumwita vinginevyo ni kuwanyang'anya wanawake shujaa wao. Wengine wanaona kwamba mtu aliyeishi kama mwanamume kwa zaidi ya nusu karne, akaendelea hata baada ya kustaafu, na akataka mwili wake usitazamwe, alikuwa amekwisha kusema mwenyewe alikuwa nani. Kundi la tatu linafuata dhana ya McKinnon.

Waandishi wa Kiingereza wamegombana hata juu ya neno dogo la kumtajia, kwa kuwa lugha yao humlazimisha msemaji kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke. Kiswahili hakina sharti hilo. Alisoma, alitibu, alipasua, alikosana na wakubwa, akafa: vitenzi vyote hivyo vinamtosha Barry bila kuamua lolote, sawa na maneno daktari na askari.

Ugomvi huo haukubaki vitabuni. Uholanzi iliwaruhusu watu waliobadili jinsia kutumikia jeshini wazi tangu mwaka wa 1974. Marekani iliondoa marufuku mwaka wa 2016, ikairudisha kwa sehemu kubwa mwaka wa 2019, ikaiondoa tena Januari 2021, kisha Januari 2025 Rais Donald Trump akatia sahihi amri mpya ya kuwazuia, na Mei mwaka huo Mahakama ya Juu ikaruhusu amri hiyo itekelezwe wakati kesi zikiendelea. Katika muda wa miaka kumi, askari yuleyule angeweza kuambiwa mara mbili kwamba anafaa na mara mbili kwamba hafai, bila yeye kubadilika.

Wanaopinga wana hoja zao. Jeshi, wanasema, si kazi ya kawaida: askari hulala pamoja, huoga pamoja na hufa pamoja, na chochote kinachowatia wasiwasi kinaweza kugharimu maisha. Huongeza kwamba askari anayehitaji matibabu ya kudumu ni mzigo akiwa mstari wa mbele. Kisa cha Barry hakiwashawishi. Yeye, wanasema, alikuwa afisa mwenye chumba chake na mtumishi wake, jambo ambalo kuruta katika bweni hawezi kulipata, na kwa kuwa alitumikia kwa siri, maisha yake hayathibitishi lolote kuhusu kutumikia waziwazi.

Wanaounga mkono hujibu kwamba siri yenyewe ndiyo hatari. Barry aliandamwa kwa bango la usiku mwaka wa 1824, na maiti yake ilikuwa bado haijapoa vizuri mtu alipotaka fedha kwa ajili ya siri hiyo. Afisa mwenye jambo la kuficha anaweza kushikwa na yeyote anayelijua, awe adui au jirani. Kwao, jeshi linapaswa kupima shabaha, afya, nidhamu na akili, na anayefaulu avae sare.

Katika misikiti na makanisa ya Mombasa wengi huliangalia suala hili kwa macho ya dini. Wanazuoni wa Kiislamu hutofautisha mambo mawili. Kujifananisha na jinsia nyingine kwa hiari kumekatazwa katika mafundisho ya Mtume. Huntha, kwa upande mwingine, ana hukumu zake katika vitabu vya fikihi tangu karne za kale: namna ya kumtambua kwa alama za mwili, mahali pa kusimama katika safu za swala, baina ya wanaume na wanawake, na fungu lake la mirathi. Hakufutwa katika jamii, alitafutiwa mahali pake. Wakristo nao husisitiza kwamba Mungu aliumba mume na mke, huku wengine wao wakikumbusha kwamba kila aliyeumbwa ana heshima yake.

Sheria za Kenya nazo zimeanza kulikabili jambo hili polepole. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani libadilishe jina katika cheti cha mtu aliyebadili jinsia na kuondoa alama ya jinsia. Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza watu wenye jinsia mbili, wakafika 1,524 nchini kote.

Kwa upande wa wanawake, safari imekwenda mbali zaidi. Kwa miaka mingi wanajeshi wa kike wa Kenya walitumikia katika kikosi chao cha pekee, hadi kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na wao kuunganishwa na wenzao. Fatuma Ahmed, aliyeingia katika kikosi hicho mwaka wa 1983, alipandishwa cheo kuwa Meja Jenerali mwaka wa 2018, na mwaka wa 2024 akateuliwa kamanda wa jeshi la angani. Hoja zilizotumika zamani kumzuia mwanamke, yaani vyumba vya kulala, bafu, matibabu na wasiwasi wa wenzake, zinafanana sana na zinazosikika leo juu ya wengine.

Ukuta wa Fort Jesus

Mombasa yenyewe ina ushahidi wa kale zaidi. Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira Fort Jesus, na mzingiro ukadumu miezi 33. Njaa na tauni viliwamaliza waliokuwa ndani kuliko risasi. Agosti 28, 1697 kapteni Mreno António Mogo de Melo alifariki, akiwa amemwachia uongozi Sheikh Daud wa Faza.

Sheikh Daud alibaki na jamaa zake 17, wanaume Waafrika wanane na wanawake Waafrika 50. Hao ndio walioishikilia ngome hadi msaada ulipowasili katikati ya Septemba. Hesabu ni rahisi: katika kila watu watatu waliobaki nyuma ya kuta zile, wawili walikuwa wanawake, katika zama ambazo hakuna mfalme, si wa Ulaya wala wa Arabuni, aliyewahesabu wanawake kuwa askari. Vita havina macho, na siku hizo hapakuwa na nafasi ya kumuuliza mtu zaidi ya kama anaweza kukesha ukutani.

Ngome ilianguka Desemba 13, 1698. Majina ya makapteni yameandikwa katika vitabu. Majina ya wale wanawake 50 hayakuandikwa.

Barry alikuwa na bahati zaidi yao. Katika makaburi ya Kensal Green, jijini London, jiwe lake lina jina alilolichagua na cheo alichokipata, Inspekta Jenerali wa Hospitali. Jeshi lililozifungia kumbukumbu zake halikulifuta jina hilo. Na huko Rasi, kwa vizazi kadhaa, jina hilo waliendelea kupewa watoto katika koo zilizokumbuka usiku mmoja wa Julai ambapo mama aliyekata tamaa aliitiwa daktari, na daktari akafika.